Istilahi za Usalama wa Mipaka: Uhakiki kutoka Morogoro

Utangulizi

Mwaka 2021 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Kwa hatua hiyo kazi ya uundaji wa istilahi, iliyokuwa imekabidhiwa Baraza tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ilipata uzito mpya. Istilahi ya botania ikikosewa, mwanafunzi hupoteza alama. Istilahi ya sheria ikikosewa, mtu aweza kupoteza uhuru wake, shamba lake, au uhai wake. Maadamu ndivyo mambo yalivyo, hatuna budi kuzitazama kwa jicho kali zaidi istilahi ambazo dola huzitumia inapopima hatari zinazoikabili.

Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki istilahi tano zitumikazo katika uwanja wa usalama wa mipaka, nazo ni tathmini, tishio, usalama, mpaka, na mhamiaji haramu. Tumechagua kuzipima kwa kipimo cha Mkoa wa Morogoro na Milima ya Uluguru. Huenda msomaji akashangaa, kwa kuwa Tanzania imepakana na nchi nane, na Morogoro haigusani na hata moja kati ya hizo. Lakini tunaona kuwa hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. Maneno ya sheria hayakai mpakani. Hushuka hadi kwa mkuu wa wilaya, kwa mtendaji wa kata, kwa mgambo na kwa balozi wa nyumba kumi. Istilahi isiyoeleweka sawasawa Kinole au Matombo haijawa istilahi ya Taifa bado, hata kama imechapwa katika Gazeti la Serikali.

Wajibu wa kupima

Serikali nyingi zimewekewa na sheria wajibu wa kupima hatari za mipakani. Mfano mmoja ulio wazi ni wa Marekani. Mwezi Desemba 2016 nchi hiyo ilipata sheria iliyomtaka waziri mwenye dhamana ya usalama wa ndani atayarishe, katika muda wa siku 180, uchambuzi wa matishio katika mpaka wa kaskazini baina ya nchi hiyo na Kanada, mpaka wenye urefu wa kilomita 8,900 hivi. Sheria ile ilitaja mambo ya kuangaliwa: ugaidi, magendo ya dawa za kulevya na ya watu, na mianya iliyomo katika sheria na katika ushirikiano wa vyombo mbalimbali. Ilitaja pia watakaoletewa taarifa, yaani kamati za Bunge lao. Hatuna nia ya kuisifu sheria hiyo wala kuiga siasa yake. Tunachokiona ni kwamba ilimtaja mpimaji, kitakachopimwa, muda wa kupima, na atakayepewa majibu.

Kwetu wajibu huo umegawanywa katika sheria kadhaa. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996, iliyorekebishwa mwaka 2023, iliipa Idara kazi ya kukusanya habari, kuzilinganisha, kuzipima na kuwashauri viongozi. Sheria ya Baraza la Usalama la Taifa ya mwaka 2010 iliweka chombo cha juu cha ushauri na, chini yake, kamati za usalama za mikoa na za wilaya. Sheria zote mbili zilitungwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo basi, mjumbe wa kamati ya wilaya alikuwa akifikiri na kusema kwa Kiswahili juu ya wajibu ulioandikwa kwa lugha nyingine. Pengo hilo likazibwa na maneno ya mazoea, na mazoea hayo ndiyo yanayotaka kuingia sasa katika Kiswahili cha sheria bila kukaguliwa.

Tathmini

Neno tathmini ni ndugu wa thamani, mthamini na uthamini. Asili yake ni kukitia kitu bei. Katika elimu neno hili limefanya kazi nzuri na hatuoni sababu ya kuliondoa. Lakini mwananchi wa Morogoro amelizoea katika jambo jingine kabisa, yaani mashamba na nyumba kuhesabiwa ili zilipwe fidia. Reli ya kisasa ilipopita, tathmini ilifanyika. Bwawa la Kidunda katika Mto Ruvu lilipoamuliwa, tathmini ilifanyika. Mzee wa kijijini akiambiwa kuwa Serikali inakuja kufanya tathmini ya usalama, ana haki ya kuuliza kama mihogo yake itahesabiwa.

Kosa la ndani zaidi ni kuliacha neno hili moja libebe kazi mbili. Kabla jambo halijapewa uzito, hapana budi lichambuliwe. Kiswahili kina kitenzi kilichokomaa kwa kazi hiyo. Mama huchambua mchicha akitenga jani na jani, mkulima wa Kilosa huchambua pamba akiondoa takataka. Kuchambua ni kutenga lililo kweli na lisilo kweli, wala si kukubali fungu lote kama lilivyoletwa. Habari ya usalama hufika ikiwa fungu: ndani yake mna la hakika, mna uvumi, mna fitina ya majirani waliogombea kiambo. Ikipelekwa moja kwa moja kwenye tathmini, uvumi nao utatiwa bei.

Tunapendekeza basi hatua mbili zitajwe kwa majina mawili: uchambuzi wa matishio kwanza, kisha tathmini ya hatari. Kwa mpangilio huo tathmini itabaki na maana yake ya asili ya kutoa uzito, lakini itatoa uzito kwa kile tu kilichokwisha kuchambuliwa.

Tishio

Hapa pana mkanganyiko mkubwa zaidi. Katika taarifa nyingi maneno tishio, kitisho na hatari hubadilishana nafasi kana kwamba ni mamoja. Sivyo. Kutisha ni kutia hofu, na hofu hiyo hukaa moyoni mwa anayeogopa. Kutishia ni tendo lenye mwelekeo: yuko anayetishia, na yuko anayetishiwa. Ukungu unaoshuka kutoka kilele cha Bondwa wakati wa masika unatisha, lakini haumtishii mtu. Mgeni aliyeshuka kwenye basi Msamvu usiku, asiyejua lugha yetu, aweza kumtisha mwenye nyumba ya wageni bila kumtishia yeye wala nchi yake.

Kwa kuwa tishio limetokana na kutishia, linadai kuwepo kwa mtu au kundi lenye nia na uwezo wa kudhuru. Kitisho kibaki kwa lile tamko au tendo la kuogofya ambalo sheria ya jinai hulishughulikia. Mwanya uwe ni udhaifu wa upande wetu ambao mwenye nia mbaya aweza kupitia. Hatari nayo ni zao la tishio na mwanya vikikutana, ikipimwa kwa ukubwa wa madhara na kwa uwezekano wa kutokea. Maneno haya manne yamo lugha zetu za kila siku, hayahitaji kukopwa popote. Yakipangwa hivi, kamati ya usalama itajikuta inalazimika kujiuliza maswali manne tofauti badala ya kulala juu ya neno moja lenye kishindo.

Pamoja na tishio hutembea usemi mwingine ambao umeenea sana katika matamko ya viongozi, yaani viashiria vya uvunjifu wa amani. Mofimu ya mwisho wa majina kama ukunjufu, udanganyifu na usahaulifu hutaja aghalabu sifa au tabia iliyomo ndani ya mtu. Tendo lenyewe lina umbo lake, uvunjaji. Tunajua kuwa kuna neno uharibifu ambalo limezoeleka kwa tendo pia, kwa hiyo hatusemi kwamba uvunjifu limevunja sarufi. Tunasema kwamba limeficha jambo. Uvunjaji una mvunjaji, mahali, na siku. Waweza kuletewa shahidi. Uvunjifu wa amani hauna mtendaji, na viashiria vyake vyaweza kuonwa popote na yeyote mwenye cheo. Mashtaka hayawezi kusimama juu ya tabia isiyo na mwenyewe. Yafaa sheria itumie uvunjaji.

Kwamba haya si mabishano ya sarufi tu, historia ya Uluguru yatosha kushuhudia. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hii. Wataalamu wake walikwisha kuona tishio, nalo ni mmomonyoko wa udongo katika miteremko inayoilisha mito ya Ruvu. Dawa yao ilikuwa kuwalazimisha wananchi wachimbe matuta ya ngazi. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini Waluguru nao walikuwa na uchambuzi wao. Ngazi zile zilifukua udongo usiozaa, zilikula nguvu kazi ya nyumba, na katika milima ambako ardhi ni ya ukoo, amri ya kuchimba ilionekana kuwa mlango wa kunyang'anywa. Mwezi Julai 1955 umati ulikusanyika kupinga, polisi wakaitwa, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Katika macho ya watawala, tishio lilihama kwa siku chache tu kutoka kwenye udongo likawa ni watu wenyewe.

Waliounda sheria ya mwaka 1996 walionekana kuikumbuka hatari ya namna hiyo. Sheria ile ilipotungwa ilieleza maana ya matishio kwa usalama wa Jamhuri, ikiyataja mambo kama ujasusi na hujuma, na ikaweka wazi kwamba si kazi ya Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kushiriki katika malalamiko au upinzani wa halali. Ulinzi huo wa raia umekaa juu ya maana ya neno moja. Neno hilo likilegea katika Kiswahili, ulinzi nao utalegea.

Usalama na ulinzi

Kamati zetu huitwa aghalabu kamati za ulinzi na usalama, na wengi huyachukulia maneno hayo mawili kuwa ni pacha wasiotofautiana. Ulinzi ni kazi. Usalama ni hali inayotarajiwa kupatikana kwa kazi hiyo. Mlinzi aweza kukesha na mwenye nyumba asiwe salama.

Tofauti hii inaufanya usemi usalama wa mpaka uwe na walakini. Mstari juu ya ramani hauwezi kuwa salama wala kukosa usalama. Walio salama au wasio salama ni watu. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Mto Ruvuma katika Mkoa wa Mtwara, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotokea upande wa Msumbiji, ambako uasi ulikuwa umeanza katika jimbo la Cabo Delgado mwaka 2017. Mpaka haukusogea hata hatua moja. Mto ulibaki pale pale. Waliopotea ni wanakijiji. Kwa mintarafu hiyo tunashauri sheria iseme ulinzi wa mpaka inapotaja kazi ya askari na ya maofisa wa uhamiaji na forodha, na iseme usalama wa mpakani inapotaja hali ya watu waishio huko. Sheria itakayodai Serikali ipime usalama wa mpakani itakuwa imedai pia iangalie zahanati, barabara, simu, na kama mwanakijiji anamwamini polisi kiasi cha kumpasha habari.

Mpaka

Mpaka na kupakana ni maneno ya shina moja. Katika fikra ya lugha yetu, mpaka ni kitu ambacho majirani wawili wanacho pamoja. Sheria za mambo ya nje zimelibana neno hili likawa mstari wa dola peke yake. Kwa mkazi wa Morogoro ubanaji huo una gharama. Yeye anajua mpaka wa msitu wa hifadhi uliowekwa milimani tangu enzi za Wajerumani, anajua mpaka wa shamba la ukoo, na anajua mpaka wa kijiji ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka ufahamike.

Mpaka uliomwaga damu nyingi katika mkoa huu haukuwa wa kimataifa. Mwezi Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Hapakuwa na jeshi la kigeni, wala magendo, wala pasipoti iliyoghushiwa. Palikuwa na malisho, mashamba, maji, na mipaka ambayo kila upande uliielewa kwa namna yake. Sheria inayoitaka Serikali ipime matishio ya mipakani bila kusema ni mipaka ipi itasomwa Dar es Salaam kwa maana moja na Kilosa kwa maana nyingine. Hatudai kwamba sheria moja ishughulikie yote. Tunadai kivumishi kisiachwe: mpaka wa nchi, mpaka wa kijiji, mpaka wa hifadhi. Ufupi wa kichwa cha sheria si sababu ya kutosha ya kuacha neno moja linalozuia utata.

Halafu kuna jambo la kinyume chake. Mpaka wa nchi nao hauishii mpakani. Pale Msamvu barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Iringa, Mbeya na Tunduma, mwingine ukielekea Dodoma na mikoa ya magharibi. Kusini mwa mkoa hupita reli ya TAZARA. Mtu au mzigo ulioingia nchini kwa njia za panya huko Holili au Kigoma waweza kupita Morogoro siku ya pili. Tunalitaja neno njia za panya kwa makusudi. Ni istilahi iliyoundwa na watu wenyewe, inaeleweka na kila mmoja, na ina picha kamili ya kitu chenyewe: nyembamba, nyingi, na zinazojulikana zaidi na wenyeji kuliko na mwenye nyumba. Baadhi ya waandishi hulikwepa kwa kuliona la mitaani, wakaandika vivuko visivyo rasmi. Lakini kivuko ni mahali pa kuvukia maji, na nyingi ya njia hizo hazina maji. Hatuoni aibu gani iliyomo katika kulikubali neno la wananchi.

Mhamiaji haramu

Tumeliacha mwisho neno hili kwa sababu ndilo lenye madhara ya karibu zaidi. Haramu ni neno la dini kabla ya kuwa la sheria. Huhusu kile ambacho Mungu amekikataza, na linapomgusa binadamu, kama katika mwana haramu, humtia doa asilolitenda. Sheria ya nchi yaweza kukataza tendo. Haiwezi kumfanya mtu awe haramu.

Lugha yetu yenyewe imekwisha kuonyesha njia iliyo sawa. Sheria ya mwaka 2008 juu ya biashara ya watu hujulikana kwa Kiswahili kama Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Hapo haramu ni usafirishaji, na binadamu amebaki binadamu. Mwezi Juni 2012, katika kijiji cha Chitego wilayani Kongwa, jirani zetu wa Dodoma, zilikutwa maiti za Waethiopia zaidi ya 40 waliokosa hewa ndani ya lori na kutupwa porini. Magazeti yaliwaita wahamiaji haramu. Waliotenda haramu siku ile ni waliowafungia ndani ya lori na kuwatupa, lakini neno liliwaangukia waliokufa.

Mwaka 2013, katika Oparesheni Kimbunga, watu wengi waliondolewa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na malalamiko yalitokea kwamba miongoni mwao walikuwapo waliokaa nchini miaka mingi. Kazi ya uchambuzi ilikuwa kumtenga mkimbizi, mkaazi wa siku nyingi, raia asiye na karatasi, na aliyeingia juzi bila kibali. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 zinawatofautisha watu hawa. Neno haramu huwakusanya wote katika fungu moja na kutoa hukumu kabla ya mchambuzi hajaketi.

Tunapendekeza mhamiaji asiye na kibali. Tumesikia hoja kwamba usemi huu ni mrefu na kwamba hautoshi katika kichwa cha habari. Kichwa cha habari kina mhariri wake. Sheria haitungwi kwa kufuata upana wa safu ya gazeti. Tena usemi huu una faida ya kuwa wa kweli hata pale uchunguzi utakapobadilika: asiye na kibali leo aweza kukipata kesho, au akathibitika kuwa mkimbizi, na hapo neno litaondoka bila kuacha doa.

Hitimisho

Tumetoa mapendekezo matano. Uchambuzi wa matishio utangulie tathmini ya hatari. Tishio, kitisho, mwanya na hatari kila moja lipewe mahali pake, na uvunjaji urudishwe badala ya uvunjifu. Ulinzi wa mpaka utengwe na usalama wa mpakani. Mpaka utajwe pamoja na mwenyewe. Haramu liwe la tendo, lisiwe la mtu.

Hatutarajii kwamba kila mjumbe wa Baraza atakubaliana nasi katika yote. Lakini tunaomba jambo moja la utaratibu. Rasimu za istilahi za usalama zisiishie mezani kwa wanasheria na wanaisimu peke yao. Zipelekwe zikasomwe mbele ya baraza la kijiji katika miteremko ya Uluguru na katika nyanda za Kilosa, na waulizwe wananchi kila neno linawaambia nini. Mwaka 1955 waliosema tishio na walioambiwa juu ya tishio hawakuwa na maana moja ya neno hilo, na hakuna aliyekuwa amewauliza.